Bibi Harusi Katangulia Pongwe

Jumatatu, 8 Septemba

Daftari hili nililinunua kwa mipango ya harusi. Ukurasa wa kwanza umeandikwa vizuri: hina, vikuba, udi, fundi wa gauni. Ukurasa wa pili ndio huu, na habari yake ni makamasi ya mbuzi.

Asubuhi nimeitwa kwa Mboni, muuza maandazi wa upande wa kisimani. Alisema mbuzi wake wamepata mafua. Mafua gani yanashika banda zima kwa pamoja? Nimewakuta macho yamegandamana, midomoni vidonda, na wawili wanaharisha mpaka miguu haiwabebi. Nikasimama pale mlangoni na gambuti zangu, moyoni naomba iwe kitu kingine. Kitu kingine chochote.

Nadhani ni sotoka ya mbuzi. Nimechukua damu na makamasi, vimeenda maabara mjini leo leo.

Mboni hana mume wala shamba la maana. Ana maandazi na mbuzi. Tangu niko mdogo hajawahi kuniona asinitanie, leo kaniambia tu, "Karibu, daktari." Hilo ndilo lililonitisha. Maana hapa Kigombe hakuna anayeniita daktari. Wenzangu waliopangiwa kata za mbali wanaitwa madaktari na kupewa viti. Mimi nimepangiwa nyumbani, naitwa Hafsa wa Mwanamkasi, na kila ninayemwambia akanyage dawa mlangoni anakumbuka nilivyokuwa nikikojoa kitandani.

Harusi Ijumaa ya tarehe 26. Sijui kwa nini nimeandika kana kwamba nitasahau.

Jumanne, 9 Septemba

Sikungoja majibu. Kikao ofisi ya kijiji, nimetangaza karantini: mbuzi na kondoo hawaingii Kigombe, hawatoki Kigombe. Si kwa miguu, si kwa pikipiki, si kwa chombo cha baharini. Nimeeleza kwamba ugonjwa huu haumpati mtu, lakini mbuzi kwa mbuzi unapita kwa pumzi, kwa kinyesi, kwa ndoo moja ya maji.

Maswali yakaanza. Mzee mmoja: na mbuzi akitoka mwenyewe, bila kutumwa? Mwingine: na kuku je, maana kuku wake naye anakohoa kiburi. Kisha sauti kutoka nyuma: bwana harusi wa Pongwe anaruhusiwa kuingia? Kikao chote kikacheka. Nikasema anaruhusiwa, mradi akanyage dawa. Sikucheka, lakini nilitaka.

Kizuizi tumekiweka njia ya kutokea barabara kuu. Ni kamba ya mkonge tu, mti huku na mti huku. Mlinzi ni Fanueli, mgambo, mtu wa Maramba, mpole kupita kiasi. Anamwamkia shikamoo kila mwenye mvi na kila mwenye kilemba. Nimemwona akiipigia saluti kamba.

Jioni kapiga simu Bi Saleha, mama yake Idarusi, yaani mama mkwe wangu mtarajiwa. Karantini ameshaisikia. Yeye anafuga mbuzi wa maziwa, weupe, wenye masikio yanayoning'inia, na anawaita kwa majina kabla hajawaita wanawe. Kaniambia hivi, taratibu, "Hafsa mwanangu, Idarusi nimekupa, mchukue. Lakini ugonjwa wa huko kwenu ukifika bandani kwangu, hiyo harusi mwaweza kuifanyia hukohuko." Kisha akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Nimeapa. Hatoki mbuzi.

Mama yangu naye kauliza habari za Waziri. Waziri ni beberu wetu wa harusi, mama kamlea tangu anashika chuchu. Kaitwa hivyo kwa sababu ya kitambi, na kwa sababu hula asipopanda. Nimemwambia Waziri hana tatizo, atachinjwa hapahapa na kombe la bwana harusi litakwenda Pongwe limeshapikwa. Mama akaridhika. "Pilau haina karantini," akasema, na akaenda kumpa Waziri maganda ya ndizi.

Alhamisi, 11 Septemba

Chanjo! Gari la wilaya limekuja na wenzangu wawili. Tumechanja tangu asubuhi, nyumba kwa nyumba, wale wazima tu. Mbuzi wa Kigombe wanajua kujificha kuliko watu wanaodaiwa michango. Mmoja tumemtoa juu ya paa la jiko.

Kila nikifungua boksi la barafu namkumbuka Idarusi. Yeye ni fundi friji. Mwaka juzi friji ya chanjo pale ofisini iligoma, akaletwa kutoka Pongwe, akakaa nayo siku nzima, akaniambia imepona. Wiki iliyofuata akarudi kuiangalia inaendeleaje. Na wiki iliyofuata tena. Friji ilikuwa inagandisha vizuri kabisa. Mimi nikawa nasema, ndiyo, nadhani inatoa sauti kidogo.

Nyumbani tulifika mwisho, nimechoka mpaka mikono haikunjiki. Mama akasema Waziri keshachomwa na wale vijana wa gari, mapema, nisihangaike. Alhamdulillahi. Nimekula nimelala.

Jumamosi, 13 Septemba

Majibu yametoka. Ni sotoka.

Mboni kabakiwa na jike moja na mtoto wake. Tumezika waliokufa, shimo refu, na chokaa juu. Alisimama akitazama, kisha akasema, "Hafsa, mbuzi wangu wazikwa vizuri kuliko marehemu mume wangu." Akacheka yeye peke yake, halafu akalia. Nami nikalia, na glavu zangu mkononi. Kazi hii siizoei.

Baada ya hapo simu, mwenzangu wa Pongwe. Nao wanachanja huko, kama kinga, na wamefika kwa Bi Saleha wakafukuzwa. Si kwa ubaya. Kawapa maziwa, kawaambia, "Mbuzi wangu atawachanja mkwe wangu, akishaingia, na mkono una hina." Nimempigia. Nimembembeleza kwa adabu zote alizonifundisha somo yangu, kungwi wangu. Nikamwambia, mama, chanjo ni ileile, mkono si kitu. Akasema nisimnyime fahari yake. Majirani wote keshawaambia.

Basi nimebaki hivi: banda la pekee ninaloliogopa ndilo halina chanjo, kwa sababu yangu mimi.

Jumatatu, 15 Septemba

Hakuna mgonjwa mpya. Nimepita kila uani, nimechungulia kila mdomo. Mbuzi wa watu wananijua sasa, wakiniona wanaanza kutembea upande mwingine.

Badru kaja. Badru ni mtoto wa shangazi yangu, dereva wa bodaboda, na mtani wangu kwa haki zote. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba hutaniana mpaka kaburini, na ikikaribia harusi ndio huharibika kabisa. Ada ni kwamba mtani huteka kitu cha nyumba ya bibi harusi, akakipeleka kwa bwana harusi, na bwana harusi hana budi kukikomboa kwa lolote atakaloambiwa, mbele za watu. Dada yangu alipoolewa alitekewa godoro. Binamu mwingine alitekewa babu, na babu alikubali.

Na hakuna kukasirika. Anayekasirikia utani anatozwa faini: kahawa na kashata kwa wote waliopo, aandae kwa mkono wake. Akishaileta kahawa, yameisha, hayarudiwi tena.

Badru akazunguka uani na kutazama kila kitu kama mnunuzi. Kinu, jamvi, sufuria la shughuli. Akasema utani wa mwaka huu utaandikiwa historia. Nikamwambia teka utakacho, gambuti zangu niachie. Akasema gambuti hazitaki hata wezi.

Nimecheka sana. Nilikuwa nahitaji.

Jumatano, 17 Septemba

Nimewekwa ndani.

Mama na somo wameamua: mwali haonekani tena nje mpaka siku yenyewe. Nikasema nina kizuizi, nina banda la Mboni la kupulizia dawa. Wakasema kuna simu. Kwa hiyo nimekaa chumba cha nyuma, nimepakwa singo mwili mzima na liwa usoni, nasimamia sotoka kwa simu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe mafuta. Hairuhusiwi kuingia mtu. Hairuhusiwi kutoka mtu. Mlangoni kuna ndoo ya maji ya waridi.

Mimi nimeifungia Kigombe, mama kanifungia mimi. Tofauti ni kwamba mbuzi hawaimbiwi.

Idarusi kapiga, kaniuliza naendeleaje. Nikasema sina homa, nakula vizuri, sijatenganishwa na kundi bali kundi limetenganishwa na mimi. Kasema siku tisa ni nyingi. Sikumjibu kwa sababu somo alikuwa anasikiliza, lakini nimeliandika hapa.

Alhamisi, 18 Septemba

Sijatoka. Nanukia mpaka najichosha.

Ripoti ya Fanueli kwa simu, jioni, kama kawaida, moja baada ya nyingine. Gari la nazi limepita, tupu. Mama mwenye kapu la kuku, karuhusiwa. Badru kapita na mgonjwa.

Mgonjwa gani? Fanueli kasema ni mama mtu mzima, kavaa baibui, kafunikwa na kanga juu ya baibui, kafungwa mgongoni kwa Badru asidondoke. Anapelekwa hospitali. "Nimemwamkia shikamoo," akasema Fanueli, "hakuweza hata kuitikia, maskini. Alikohoa tu."

Nikamsifu. Kazi yake anaijua, na adabu anayo. Lazima awe shangazi. Amekuwa akilalamika kifua tangu mwezi uliopita. Nimempigia Badru hapokei. Kesho nitamwomba mama anipelekee machungwa kwa shangazi, kama mwenyewe siruhusiwi.

Ijumaa, 19 Septemba

Naandika upesi huku mama akinitafutia ufunguo wa kabati la gambuti.

Shangazi kaja mwenyewe asubuhi kunipaka singo. Mzima wa afya, kifua kimepona zamani. Nikamuuliza jana alikwenda hospitali gani. Akashangaa. Ndipo simu ikalia, picha kutoka kwa Badru.

Banda la Bi Saleha. Mbuzi weupe wa masikio marefu wamejipanga. Katikati yao Waziri wetu, kavaa baibui, kanga ya harusi kichwani, kikuba cha maua ya asumini kimeningʼinia shingoni, anatafuna kikuba. Chini kaandika: Bibi harusi katangulia.

Nyumba nzima ilianguka kwa kicheko. Somo alikaa chini. Shangazi alitoka machozi. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, nikamwona Fanueli kichwani mwangu akimwamkia Waziri shikamoo.

Halafu nikakumbuka: alikohoa.

Nikajiambia si kitu, Waziri kachanjwa. Kakohoa vumbi tu. Nikageuka kumwambia mama, si kachanjwa Waziri? Mama alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anakunja pindo la kanga yake, analikunjua, analikunja tena.

Hakuchanjwa. Siku ile ya gari mama alimficha jikoni nyuma ya jamvi, akamwekea muhogo asilie. Alisikia sindano inaharibu nyama, ina uchungu, na hakutaka pilau ya mwanawe iwe na ladha ya dawa. "Nilikuona umechoka, mwanangu," akasema. "Nikaona si kitu, mbuzi mmoja." Na Waziri amekuwa akinywa kisimani, karai moja na mbuzi wa Mboni, hadi siku ile ile niliyoitwa.

Ningemwambia nini mtu aliyempa mbuzi muhogo kwa ajili yangu?

Badru naye nimempata. Kasema, lakini kachanjwa, mama yako kaniambia kwa kinywa chake. Nikamwambia karantini haiulizi kachanjwa, karantini inasema hatoki. Halafu akasema, "Hafsa, nilidhani karantini ni ya mbuzi wanaouzwa." Anakuja kunichukua. Somo amesimama mlangoni, anasema mwali hatoki. Namwambia somo yangu, nakuheshimu, pisha.

Ufunguo umepatikana.

Ijumaa hiyohiyo, Pongwe, adhuhuri imepita

Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bandani kwa mama mkwe. Nimevaa dera la singo, gambuti, na ushungi wa somo. Uso una liwa iliyokauka, nikicheka itapasuka, lakini sichekeshwi.

Kwanza kizuizi. Badru anaendesha, kimya, jambo ambalo sijaliona tangu azaliwe. Fanueli katusimamisha. Habari imeshamfika, na imemuumiza. Akaja upande wangu, akavua kofia, akasema, "Samahani sana mama. Funua uso." Nikafunua. Akanitazama na liwa yangu, kwa muda, kwa haki. "Mimi mwanamke aliyejifunika simtazami usoni," akasema, "sikulelewa hivyo. Kuanzia leo natazama." Akashusha kamba. Nikamwambia hana kosa. Kosa hana kweli. Ni nani angemwambia mgambo mpole awafunue wanawake wa watu?

Kufika hapa nimemkuta Bi Saleha uani anawaonyesha majirani Waziri. Alikuwa anacheka. Akaniona mimi mlangoni, mwali, wiki moja kabla ya harusi yangu, nimekuja kwa miguu yangu nyumbani kwa bwana harusi. Majirani wakaacha kucheka. Nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba, polepole, huku anatazama gambuti.

Bibi yake Idarusi ndiye aliyenitania kwanza. Bi Mwanaima, mzee wa kiti cha barazani, ananiita mke mwenzie tangu siku ya posa. "Mke mwenzangu," akasema, "umeshindwa kungoja?"

Nilikuwa nimeshaona ndoo. Waziri alikuwa kainamisha kichwa mle, kichwa na kidevu, na pembeni yake yule mweupe mkubwa aitwaye Nuru, ndoo ileile, pua kwa pua. Tangu jana.

Nikamwambia Bi Saleha yote. Kwamba Waziri hakuchanjwa. Kwamba kanywa na waliokufa. Kwamba kakohoa. Kwamba nimeshampigia mwenzangu wa Pongwe nikiwa njiani na yumo safarini, na kwamba kuanzia sasa banda hili limefungwa: hatoki mbuzi, hayatoki maziwa, haingii mtu bila kukanyaga dawa, mpaka tujue. Na majirani warudi makwao kwa kupita kwenye beseni. Nilisema kwa sauti ya kazini. Sauti ya kazini ilinishinda mwishoni.

Akauliza swali moja tu. "Nilikwambia nini kuhusu mbuzi wangu?"

"Uliniambia, mama."

Mtu akinigombeza najua pa kushika. Yeye alinitazama kana kwamba anatafuta uso wangu chini ya ile liwa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwa Mboni, na naandika hapa wazi: namtaka mwanawe. Namtaka sana. Na nilikuwa nafunga geti lake kwa mkono wangu.

Idarusi alikuwa amesimama nje ya geti, katoka kazini, bisibisi mkononi. Angeweza kubaki nje. Hakuuliza kitu. Akamwaga dawa kwenye beseni, akavua viatu, akakanyaga, akaingia, akajifungia ndani pamoja nasi. Alipofika karibu akanong'ona kwamba nanukia vizuri. Nikamwambia mshike pembe.

Kipimo cha kwanza: arobaini na nusu.

Si habari nzuri, si habari mbaya. Thelathini na tisa ningesema huyu ni mbuzi aliyeudhiwa. Arobaini na moja ningekaa chini. Lakini arobaini na nusu ni ya mbuzi aliyekuwa amevaa baibui jeusi juani, kafukuzwa uani apigwe picha. Au ni ya mbuzi anayeanza. Mdomoni sijaona kidonda. Fizi ya chini ina wekundu kidogo, na anatafuna kila kitu hata visivyo na jina, huenda ni kikuba kilichomkwaruza. Sijui. Hapa ndipo elimu yangu ilipofika. Nimemvua baibui, nimemtenga kwenye kivuli cha choo, nimemwagia maji miguu, nasubiri apoe nipime tena. Nuru na wenzake upande ule, ndoo nimeimwaga, nimeiosha kwa dawa.

Wakati nasubiri, Bi Mwanaima aliinuka kwenye kiti chake. Haamki bila sababu. Akaja na mkongojo hadi getini, akafungua kanga yake ya juu, akafunga geti kwa mafundo mawili. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili:

"Mwajua alilofanya mke mwenzangu? Badru kateka mbuzi mmoja. Huyu kateka nyumba nzima, na mkwewe ndani, na mumewe ndani, na mie. Utani wa namna hii sijauona mie na uzee wangu. Tumetekwa, hatutoki mpaka tukombolewe. Na mwenye kukasirika," akamgeukia Bi Saleha, "ada aijua."

Majirani walikuwa wanakanyaga dawa mmoja mmoja wakitoka. Wawili wakacheka. Badru, kule nje, alishusha pumzi mpaka nikaisikia.

Bi Saleha hakucheka. Alimtazama mama mkwe wake, akanitazama mimi, akaliangalia fundo la kanga. Mimi kwake si mtani, yeye ni mama mkwe, kwake mimi ni macho chini. Lakini Bi Mwanaima ni mama mkwe wake yeye, na hakuna mke wa nyumba hii aliyewahi kulifungua fundo la Bi Mwanaima. Akageuka akaingia jikoni. Mlango kaurudisha, hakuubamiza.

Ndipo tulipo. Mwenzangu wa Pongwe hajafika, anasema pikipiki yake imepata pancha. Badru kakaa nje ya geti chini, hataki kuondoka na hawezi kuingia. Bi Mwanaima kasogeza kiti chake getini na mkongojo juu ya magoti. Waziri kalala, anacheua. Mbuzi anayecheua ni dalili njema, najiambia. Hajakohoa tangu nifike. Au nimekohoa mimi, nikakifunika kikohozi chake.

Jikoni mchi umeanza kutwanga. Inaweza kuwa kahawa. Ikiwa ni kahawa basi amejitoza faini mwenyewe, na yameisha, hayarudiwi tena. Inaweza kuwa kisamvu tu cha chakula cha jioni, na mimi sina langu katika chakula hicho. Nanusa, lakini nanusa liwa na singo na dawa, pua yangu leo haina maana. Nimemwuliza Idarusi anasikia harufu gani. Kasema harufu yangu.

Nimeweka kipimajoto mara ya pili. Idarusi kamshika Waziri pembe, mimi nimeshika kalamu maana mikono lazima ishike kitu.

Mchi umenyamaza. Mlango wa jikoni umefunguka.

Kipimajoto kimelia. Idarusi hakiangalii, ananiangalia mimi.